Jumamosi za Kuiaga Nakuru

Kariuki alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa jikoni hapa Naivasha nakata sukuma wiki, akaniambia mama yake alilala na hakuamka. Hakulia, wala mimi sikulia. Mwanamke wa miaka tisini na kitu akiondoka usingizini, watu husema asante Mungu, kisha wanaanza kutafuta hema na viti. Nilimuuliza mazishi ni lini. Akasema Jumanne, shambani kwake Kabazi, halafu akaongeza, "Usikose, Nafula. Wewe ulimjua vile sisi hatukumjua." Nilikata simu nikabaki na kisu mkononi. Nimezika watu wengi tangu nivuke miaka hamsini, na wengi wao nimewalilia siku yao, nikarudi nyumbani na kuendelea na kazi. Huyu alinichukua akanirudisha mbali. Kabla mafuta hayajapata moto kwenye sufuria, nilikuwa nimesharudi mtaa wa Bondeni, Nakuru, katika nusu ya chumba, nikisikiliza cherehani ikikimbia upande wa pili wa ukuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepata kazi katika duka la mbegu na dawa za mifugo karibu na soko la Nakuru, na nilihitaji mahali pa kulala. Mama Kariuki alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani ya mabati, na mwanawe alipooa akaenda kulima Kabazi, mama alikigawanya chumba kikubwa kwa mbao akanipa nusu. Mbao hizo hazikufika juu. Kwa hiyo niliishi mwaka mzima nikisikia kila kitu: mkasi ukila kitambaa, chai ikichemka, mama akibishana na redio. Alikuwa fundi wa yunifomu za shule, na chumba chake kilinuka kitambaa kipya, chaki na mafuta ya taa. Nguo za watoto zilining'inia kwenye misumari kila mahali, marinda ya kijani, kaptula za kijivu, mashati yasiyo na vifungo bado. Ukiingia jioni kabla ya taa kuwashwa ungedhani darasa zima limesimama kimya likikungoja.

Hakuwa mtu mpole, na nasema hivyo kwa sababu pale mazishini kila aliyepewa kipaza sauti alisema alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo. Aligombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo mpaka kamba zikawa mbili. Alisema kwaya ya kanisa lake inaimba kama mbuzi waliofungiwa, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya kwaya hiyo. Lakini alinipikia. Jioni ya kwanza nilijifungia upande wangu nikala mkate mkavu kwa sababu sikumjua mtu, na sauti ikaja juu ya mbao: "Wewe msichana wa Bungoma, hiyo mkate unatafuna kama panya. Kuja ukule githeri." Tangu siku hiyo nilikula kwake. Githeri ya mahindi na maharagwe, mukimo wa viazi Jumapili, na chai nzito ya maziwa ambayo sijaipata tena popote, hata nikiipika mwenyewe.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini alinipa sindano kumi nizitie uzi, nyeupe tano na za rangi tano, kisha azichomeke kwenye mto mdogo. Alisema ni kuokoa wakati. Nami niliamini hivyo hadi Februari, mama mmoja alipokuja na shati la mwanawe amekasirika.

"Mama Kariuki, hii mikono haitoshani."

"Ni mtoto wako mikono yake haitoshani," akajibu bila kuinua kichwa.

Yule mama alicheka, akaenda zake. Lakini mimi nilishika lile shati nikaona mkono mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Basi nikaanza kumtazama. Akimimina chai, aliweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Mtu akipiga hodi, alingoja aongee kwanza ndipo amtaje jina. Kwenye ngazi ya mlango mguu wake ulipapasa kabla ya kukanyaga. Siku nilipomuuliza alinikatiza, "Ni vumbi ya hii town tu," na kweli ulikuwa msimu ule upepo unapoleta vumbi jeupe kutoka ufuoni mwa ziwa na kulilaza juu ya mabati yote. Nilimwambia vumbi halifupishi mikono ya mashati. Alifunika cherehani. Kisha akasema, "Kesho omba ruhusa. Unipeleke kwa daktari wa macho."

Nilimngoja nje kwenye benchi. Alitoka, akaketi karibu nami, akatoa chungwa mkobani, akalimenya lote na kulila kipande kimoja kimoja mpaka likaisha. Ndipo akasema, "Ati ni presha. Yaani hata macho siku hizi inashikwa na presha." Daktari alikuwa amempa dawa ya matone na kumwambia ukweli: kile ambacho presha imekwisha kuchukua hakitarudi, na nuru iliyobaki huenda isimalize mwaka. Nilimwambia tumpigie Kariuki simu. Alinishika mkono kwa nguvu, vidole vyake vikinata maji ya chungwa.

"Kariuki asijue. Akijua atakuja na pikap hiyo siku."

"Lakini, Mama, ni mtoto wako."

"Ndio maana. Mimi nimekaa Nakuru miaka arobaini. Siwezi kutoka kama mtu amefukuzwa. Nataka niiage pole pole, nikiwa bado naiona. Wewe Jumamosi unatoka kazi saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi saa nane tutakuwa tunaenda town. Na hutamwambia mtu. Sema."

Nilisema. Nilikuwa mtoto wa watu, sina rafiki mji mzima, na mtu pekee aliyeninywesha chai alikuwa ananiomba kitu. Ningekataa vipi?

Jumamosi ya kwanza tulienda sokoni. Nilidhani ananunua. Kumbe alikwenda kuwaona watu. Alisimama mbele ya mwanamke wa viazi aliyejuana naye tangu wote wawili walipokuwa wasichana, akainamisha uso karibu kabisa na wake, akamtazama. "Mathe, leo hununui?" kijana wa nyanya akamwita. "Leo nimekuja kukuona tu," akajibu, na yule kijana akacheka akidhani ni mzaha. Alishika kabichi, akanusa dhania, akauliza bei ya vitu asivyovihitaji. Tulipotoka aliniambia yule wa viazi amezeeka vibaya, na akaongeza haraka, "Si umwambie nimesema."

Jumamosi nyingine tulikaa stesheni. Marehemu mumewe alikuwa amefanya kazi kwenye stoo ya mizigo, na zamani Mama alimpelekea chakula cha mchana kila siku akiwa na Kariuki mgongoni. Tulinunua mayai ya kuchemsha tukala na chumvi na pilipili, tukitazama mabehewa ya mizigo yakisukumwa huku na huku bila haraka. Aliniambia mume wake alikuwa mtu wa maneno machache sana, kiasi kwamba baada ya kufariki kwake, yeye Mama alikumbuka mlio wa mabehewa kabla ya sauti yake. "Usiniangalie hivyo," akasema, ingawa nilikuwa upande wa jicho lisiloona vizuri. "Tuliishi poa." Siku nyingine tulikwenda kusimama mahali ambapo ziwa linaonekana, na heroe walikuwa wengi mwaka ule, mstari mrefu wa waridi kando ya maji. Alitazama, akageuza kichwa hivi na hivi kama kuku, akitafuta pembe ambayo bado ilikuwa inaona. "Ni kama mtu ameanika petikoti," akasema mwishowe, na tukacheka mpaka watu wakatugeukia.

Sasa nikifikiria naona kwamba ni mimi niliyekuwa nikipewa mji. Sikuwa nimeujua. Nilijua njia ya kwenda kazini na ya kwenda kanisani, na usiku nilikuwa nawaza kuomba kazi Bungoma nirudi kwetu. Lakini huwezi kumshika mtu mkono mtaa baada ya mtaa, ukimwambia hapa kuna ngazi, hapa kuna mtaro, pale wamepaka duka rangi ya bluu, bila wewe mwenyewe kuanza kuona. Kufikia Juni nilikuwa najua ni duka gani la Wahindi lilikaanga sambusa nzuri, na ni saa ngapi jua linaiangaza mijakaranda ya mitaani vizuri zaidi. Kufikia Agosti nilikuwa nasema "hapa kwetu" nikimaanisha Nakuru.

Kadiri mwaka ulivyokwenda, tulitembea polepole zaidi. Jioni nilimsikia akiomba kwa Kikuyu upande wa pili wa mbao. Sikuielewa lugha, lakini nilisikia majina: ya watu wa soko, ya mitaa, ya shule alizozishonea. Aliyataja moja moja kama mwalimu anayeita watoto asubuhi.

Septemba nilisahau ufunguo wa stoo ya duka nyumbani, nikarudi mbio saa sita mchana. Niliona moshi nikiwa bado njiani. Mlango ulikuwa wazi, na Mama Kariuki alikuwa katikati ya chumba akilipiga pazia kwa gunia lililolowa maji, akilipiga mahali pasipowaka, huku moto ukipanda upande mwingine. Nililivuta pazia lote chini nikalikanyaga. Stovu ilikuwa imepinduka. Rundo la marinda lilikuwa limeungua, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimejaa malengelenge. Nilimtia mkono kwenye beseni ya maji. Sauti yake ilikuwa ileile.

"Nafula. Usimwambie Kariuki."

"Mama, ungekufa."

"Sijakufa. Imebaki miezi mitatu tu mwaka uishe. Uliniahidi."

Nilimfunga mkono bandeji. Nilirudi kazini nikauza dawa ya kupe na mbegu za karoti, na kila mteja aliyeingia nilimwona kama amekuja kuniambia nyumba imewaka. Saa kumi na moja nilipita posta, nikaingia kwenye kibanda cha simu, nikapiga nambari ya duka moja la Kabazi ambako Kariuki alikuwa akiachiwa ujumbe. Nilisema maneno machache tu. Mama haoni. Njoo.

Alifika kesho yake alasiri, bado amevaa gambuti za shambani. Nilikuwa upande wangu. Nilimsikia akiingia, nikasikia kiti kikivutwa, nikajua anautazama mkono uliofungwa bandeji.

"Mama, hii vidole ni ngapi?"

"Wacha ujinga, Kariuki."

"Ni ngapi?"

Nilisikia Kariuki akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia. Wakaongea kwa Kikuyu, sauti zikapanda zikashuka, halafu mama akauliza kwa Kiswahili, na nilijua amebadilisha lugha ili nisikie: "Ni nani alikwambia?"

Kariuki hakunitaja. Alikuwa muungwana tangu ujana wake. Nilizunguka nikasimama mlangoni.

"Ni mimi, Mama."

Aligeuza uso upande wa sauti yangu. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Akasema polepole, "Umechoka kuninyamazia, sawa. Mzigo ni mzito. Lakini ungeniambia mimi mwenyewe kwanza. Ungesema, Mama, kesho ninampigia. Ningejipanga. Sasa umenichukulia siku zangu kwa simu."

Kariuki alitaka waondoke kesho. Mama akakataa. Wakakubaliana mwisho wa mwezi, wiki mbili na siku kadhaa, na jirani wa kike awe akimpikia mchana. Nilidhani jambo limekwisha. Kumbe halijaanza. Asubuhi iliyofuata hakunipa sindano. Jioni hakuniita. Nilinunua mkate nikautafuna upande wangu, na hakuna sauti iliyokuja juu ya mbao. Siku tisa. Nilimsikia akijaribu kutia uzi mwenyewe, na hilo ndilo lililonitesa zaidi, maana kutia uzi hakuna kelele. Nilisikia tu pumzi zikizuiwa, kisha zikiachiliwa, kisha zikizuiwa tena.

Leo nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao yeye wakati ule. Binti yangu ananiambia kila mara nihamie kwake, nyumba hii kubwa ya nini, na macho yangu pia siku hizi yanataka miwani hata kwa kusoma gunia la unga. Nikimsikiliza ndipo ninapomwelewa Mama Kariuki. Nikiwa na miaka ishirini na miwili niliona jambo moja tu, kwamba mtu asiungue. Hilo lilikuwa kweli, na kama ingekuwa leo ningepiga simu ileile. Lakini ningemwambia kwanza. Ningeketi kwenye kiti cha wateja wake, chenye mguu uliofungwa waya, nimtazame, nimwambie, naye anigombeze vizuri, halafu twende posta pamoja. Ingechukua nusu saa. Sikumpa nusu saa hiyo kwa sababu niliogopa mdomo wake, nikajiambia ni kwa ajili ya usalama wake.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, mkoba juu ya magoti.

"Utaenda ama utalala?" akauliza.

Alikuwa amekwisha kupanga na jirani mwenye pikap ya maziwa atupeleke Menengai. Tulipanda hadi juu kabisa, kwenye ukingo, ambako watu huenda kulitazama lile shimo kubwa la volkeno. Upepo ulikuwa mkali na baridi. Dereva akatuonyesha mahali pazuri pa kusimama, akasema kwa heshima, "Hapa, Mama, utaona shimo lote."

"Shimo ya nini?" akasema. "Hiyo ya kwangu itanitafuta yenyewe. Nigeuze upande wa town."

Nilimgeuza. Nakuru ilikuwa imelala chini yetu hadi ziwani, mabati na miti na moshi wa viwanda, na jua la saa kumi lilikuwa juu yake yote. Nilifungua kinywa nimweleze.

"Nyamaza kidogo," akasema. "Mabati inang'aa?"

"Inang'aa."

"Hiyo naona." Alisimama vile muda mrefu, skafu ikimpiga shavuni, machozi yakimtoka, ingawa huenda ulikuwa upepo. Kisha akanyoosha mkono wenye bandeji hewani mpaka ukanipata. "Bado nimekukasirikia."

"Najua, Mama."

"Basi shika vizuri, huu upepo utaniangusha kabla sijamaliza."

Siku ya kuhama, Bondeni nzima ilijaa uani. Walikuja wanawake wazima ambao aliwashonea wakiwa darasa la kwanza. Jirani wa kamba alilia kuliko wote. Cherehani ilipakiwa mwisho, ikafungwa kwa kamba juu ya godoro, na Mama Kariuki akaketi mbele na mwanawe, wima kama anayepigwa picha. Hakunikumbatia; kwao hawakuwa watu wa kukumbatiana. Alisema, "Kula vizuri," na gari likaondoka. Nilirudi ndani. Misumari ilikuwa bado ukutani, na hakukuwa na nguo hata moja.

Miezi miwili baadaye mwenye nyumba aliuza ploti. Tulipewa notisi, na kabla ya Krismasi nyumba ikabomolewa. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye shamba la maua Naivasha, nikaona niende kwanza Kabazi kumwona. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimwambie au nisimwambie. Haoni. Hatarudi. Ningeweza kusema nyumba ipo, mlango ni uleule, na angelala vizuri hadi siku ya mwisho. Kariuki mwenyewe alinipokea barabarani akaninong'oneza, "Ile mambo ya ploti, tumeamua tusimguse nayo."

Nilimkuta barazani akimenya maharagwe, akimwamuru Wambui, mke wa Kariuki aliyekuwa jikoni, jinsi ya kukanda unga. Macho yalikuwa wazi, meupe kidogo, hayatazami popote. Alinijua kwa hatua. Tuliongea habari za kanisa, za kwaya, za yule wa viazi. Kisha akauliza, kwa wepesi, vidole bado vinamenya, "Na nyumba?"

Kariuki alinitazama. Mkewe aliacha kukanda.

"Mama," nikasema, "nakwambia wewe mwenyewe. Nyumba haipo. Waliivunja wiki tatu zilizopita."

Vidole vikasimama. Kuku alipita kati yetu akadonoa ganda.

"Walianza upande gani?" akauliza.

"Upande wa barabara. Dirisha lako kwanza."

"Na mbao? Zile zilikuwa katikati yetu?"

"Kuna mtu alizibeba kwa mkokoteni. Sijui alipeleka wapi."

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa. Niliomba ruhusa kazini."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepimwa nguo ikamkaa. Alimaliza ganda lililokuwa mkononi, akatupa maharagwe kwenye ungo, akageuza uso kuelekea jikoni, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ile niliyoijua, ya kuvuka ukuta.

"Wambui! Weka sahani ingine. Huyu hatalala kwa chumba ya wageni. Analala kwangu."